Piano Mbili Zinapoachana Polepole
Jana usiku, taa zikiwa zimezimwa, nilisikiliza tena Piano Phase, kazi ambayo mtunzi wa Marekani Steve Reich aliiandika mwaka 1967 kwa ajili ya piano mbili. Wapigaji huanza pamoja na mfululizo uleule wa noti 12, kisha mmoja huongeza kasi kidogo kidogo, kiasi kwamba sikio halitambui mara moja, hadi anapomtangulia mwenzake kwa noti moja kamili. Hapo kasi zao hulingana tena. Katikati ya mvurugano huo nilisikia viitikio ambavyo hakuna hata mmoja wao aliyekuwa akivipiga. Six Pianos, kazi nyingine ya Reich ya mwaka 1973 kwa piano sita, ina utajiri zaidi wa sauti, lakini (nakiri upendeleo wangu) ukavu wa piano mbili ndio unaoniteka.