Umeme Ulipokatika Mtwara

Wiki hii upepo wa kusi umekuja na harufu ya salfa, kwa kuwa ndiyo majira ya kupulizia mikorosho, nayo imenirudisha kwenye ule msimu tulipochambua takwimu za ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, kwa R, programu ya kuchambulia takwimu, katika klasta, yaani kundi la kompyuta zilizounganishwa, ya chuo mshirika huko Ulaya.

Tulikuwa na alama za ugonjwa zilizopimwa kwenye mashada ya maua katika vijiji vya Newala na Tandahimba. Modeli yetu ilipaswa kurudiwa mara 1,000, kila mara kwa sampuli iliyochaguliwa upya, ili tujue makadirio yetu yanayumba kiasi gani. Kompyuta zetu za mezani hazikuiweza kazi hiyo. R haina gharama ya leseni, jambo lililotufaa sana, lakini huweka takwimu zote kwenye memori na kwa kawaida hutumia kiini kimoja tu cha prosesa, hivyo hata kuomba nodi nzima, yaani kompyuta moja kamili ya klasta, yenye viini vingi kusingetusaidia. Mkuu wetu wa takwimu, mama aliyezaliwa Newala, aliigawa kazi hiyo katika vipande 1,000 vinavyojitegemea, kila kimoja kikiomba kiini kimoja na memori kidogo, kwa sababu Slurm, programu inayopanga foleni ya klasta, huweza kulipenyeza ombi dogo mahali ambapo ombi kubwa lingesubiri. Kila kipande kilipewa mbegu yake ya namba nasibu, yaani namba ya kuanzia ambayo kompyuta huitumia kuchagua sampuli kibahati. Vipande vyote vingeanza na mbegu moja, vingetoa majibu yaleyale, nasi tungeona uthabiti mkubwa kumbe tumehesabu kitu kimoja tu. Sijapata kuona mtaalamu mwangalifu kama yule mama.

Tuliituma kazi jioni. Kwenye dirisha jeusi ulionekana mstari mmoja wenye herufi PD, alama ya kazi inayosubiri, na mbele yetu walikuwa watu wa idara nyingine ambao hatutawajua kamwe. Nilipouliza kama haiwezekani kuomba tupitishwe mbele, alinijibu kwamba foleni ile humpunguzia kipaumbele aliyetumia mashine sana siku za karibuni, na kwamba sisi, tuliokuwa hatujatumia chochote, tayari tulikuwa tumetendewa haki.

Ndipo umeme ulipokatika. Feni ilisimama, taa za ruta zikazimika, na mawasiliano na klasta yakakatika papo hapo.

“Mama, kazi yetu imekufa?”

“Kaa, mwanangu. Umeme umekatika Mtwara, haujakatika kule.”

Alinieleza gizani, bila haraka, kwamba kama tungeiendesha R kwa mkono kupitia dirisha lile, ingekufa pamoja na mawasiliano. Kazi iliyokabidhiwa kwa foleni haihitaji kusindikizwa na aliyeituma. Kisha akawasha intaneti ya simu yake, akafungua kompyuta mpakato iliyokuwa na chaji kidogo, akaingia tena na kuuliza foleni. Ule mstari mmoja wa PD ulikuwa umezaa mistari mingi yenye herufi R, alama ya kazi inayoendelea, ikajaza kioo kizima, na kila mmoja ulionyesha nodi iliyoupokea na muda uliokwisha kupita. Tuliisoma mmoja baada ya mwingine mpaka chaji ikaisha.

Matokeo yalikamilika, tukayanakili kabla hifadhi ya muda ya klasta haijasafishwa, ripoti ikaandikwa.

Katika mkutano wa kuwarudishia wakulima matokeo, mzee mmoja wa Tandahimba aliuliza shamba lake lilikuwa namba ngapi, kwa sababu tulikuwa tumesema majina yote yaligeuzwa namba kabla ya takwimu kusafirishwa. Nilimjibu kwamba namba zile zilimlinda, na hilo ni kweli. Hata hivyo, alikuwa ameturuhusu kupima mikorosho yake akitarajia kujua habari za mikorosho yake, sisi tukamrudishia wastani wa kijiji. Bado naamini tuna deni kwake, na sijaona namna ya kulilipa bila kuvunja ahadi tuliyowapa majirani zake.