Murud-Janjira, ngome iliyomshinda kila aliyeitaka

Nilikuwa Mumbai kwa shughuli nyingine kabisa, nikabakiwa na siku mbili sina la kufanya, mwenyeji wangu akaniambia kama unapenda magofu basi nenda Murud, kuna ngome katikati ya bahari, ilikuwa ya watu wako. Watu wangu akina nani tena? Akacheka tu. Nenda, utaona mwenyewe.

Basi nikapanda boti pale Gateway of India mpaka Mandwa, kama saa moja hivi, kisha basi hadi Alibag, halafu basi lingine la serikali linalofuata pwani ya Konkan kuelekea kusini, bahari kulia, vilima kushoto, na huko njiani ni minazi, mipopoo na mivinje tu mpaka nikawa nasahau niko nchi gani. Murud yenyewe ni kamji kadogo, ina barabara moja ya maana, ufukwe mrefu wa mchanga wa kijivu na jumba la Nawabu, yaani mtawala wa zamani wa hapo, huko juu kilimani, zuri kweli ila haliingiliki, ni mali ya familia. Usafiri wa kuzunguka ni bajaji, halafu ukisema bajaji wanakushangaa, wao wanaita riksha, na kampuni yenyewe ya Bajaj iko mkoa huohuo wa Maharashtra jamani!

Ngome iko kijiji cha jirani, Rajapuri, kilomita chache tu. Unashuka gatini, pale wanapaita bandar, na mashua ya kukuvusha wanaiita hodi. Hodi! Mimi nikajua ndo zile hori zetu, neno lilivuka bahari likabadilika kidogo tu. Tanga la pembetatu, foromali ndefu, nahodha kachuchumaa nyuma anashika usukani kwa mguu. Hata jina Janjira ni jazira ya Kiarabu iliyopindishwa na ndimi za pwani ile, yaani kisiwa, basi.

Ukikaribia unaona kuta tu zimepanda moja kwa moja kutoka majini, mita kumi na zaidi, hamna ufukwe, hamna pa kuweka mguu, na lango hulioni. Nasema kweli hulioni mpaka mashua inakaribia kugonga ukuta ndo unagundua kumbe kuna mlango umejificha kati ya minara miwili. Hapo nikaelewa kwa nini waliokuja kwa vita walirudi mikono mitupu. Pembeni ya lango kuna mchongo wa mnyama kama simba kawakamata tembo kwa makucha, kama vile paka na panya, na ujumbe wake hauhitaji mkalimani.

Sasa wenyewe ni nani. Wanaitwa Siddi, zamani wakiitwa pia Habshi, maana wengi asili yao Uhabeshi, wengine walitoka chini zaidi, pwani yetu hii ya Afrika Mashariki. Wengi walifika India wakiwa watumwa, wakauzwa kwa wafalme wa Dekani, nyanda za juu za kusini mwa India, waliowafanya askari, na askari wengine wakapanda vyeo mpaka wakawa wakubwa wao wenyewe. Mashuhuri kuliko wote ni Malik Ambar, mtoto wa Uhabeshi aliyeuzwa mara kadhaa akaja kuiendesha dola ya Ahmadnagar na kuwahangaisha Wamughal, ile dola kubwa ya kaskazini mwa India, mpaka alipofariki 1626. Hapo Janjira Masiddi walijijengea utawala wao, na kilichonifurahisha ni kwamba kwa muda mrefu mkuu wao hakurithi tu kwa baba, makamanda walikaa wakamchagua anayeweza kazi.

Shivaji, yule shujaa wa Wamaratha ambaye sanamu zake ziko kila kona ya Maharashtra, aliitaka hii ngome mara kadhaa akashindwa. Wamaratha wakajenga ngome yao jirani, Padmadurg, ukisimama ukutani Janjira unaiona kule baharini, na bado haikusaidia. Mwanawe Sambhaji mwaka 1682 akaona bora ajaze mawe baharini atembee mpaka kisiwani, naye kabla hajamaliza Wamughal wakamvamia upande mwingine akabidi aondoke. Waingereza nao walionja, 1689 Siddi Yakut Khan alitua Bombay, ndo Mumbai ya leo, na watu wake, akakamata mtaa wa Mazagaon na kuwafungia Waingereza ndani ya ngome yao, mpaka walipoenda kumwangukia mfalme wa Wamughal, Aurangzeb, ndo jamaa akaondoka 1690. Hii hadithi shuleni hatukuisikia kabisa.

Ila nisipambe sana. Hao hao Masiddi ndo waliopewa na Wamughal kazi ya kulinda meli za bandari ya Surat, zikiwemo za mahujaji, na hao hao waliteka mashua za watu na kuchoma vijiji vya pwani, na waliolipia ni wavuvi Wakoli, ambao ndo wenyeji hasa wa maji yale, na hata hiyo ngome masimulizi yanasema mwanzo ilikuwa ya mkuu wao wa Kikoli. Wakoli wapo mpaka leo, wanaanika samaki wao bombil kwenye kamba kama nguo, na msimu wa mvua kubwa ukiisha wanatoa nazi kwa bahari ndo wanarudi kuvua.

Ndani ya ngome ni magofu na vichaka, miti imeota sebuleni kwa watu. Kuna mizinga, mkubwa unaitwa Kalal Bangdi, watalii wanaupanda kupiga picha. Mimi nilisimama zaidi kwenye mabwawa mawili ya maji matamu, chumvi imewazunguka pande zote na katikati wana maji ya kunywa, sasa ungewazingira mpaka lini? Mtembeza watalii akaleta na stori ya handaki chini ya bahari mpaka Rajapuri, hiyo sikuila.

Utawala wao uliisha 1948 dola ilipoingizwa India. Masiddi wa kawaida, wasio manawabu, utawakuta zaidi Gujarat na Karnataka, na wale wa Gujarat wana ngoma yao wanaiita goma, na chombo cha upinde kinaitwa malunga.

Muda ukaisha, nahodha akaanza kupiga kelele tupande. Kwenye mashua mzee mmoja Mkoli alinitazama sana, mwishowe akaniuliza, Siddi? Nikatikisa kichwa, hapana, Afrika. Akafikiria kidogo. Akasema, haya, ni hivyo hivyo, akanisogezea nafasi nikae.