Karata za uongo ndani ya saiba

Michezo mingi ya kufundisha watoto usalama wa mtandaoni naiona ni mtihani uliopakwa rangi. Swali linatokea na majibu manne, mtoto anabonyeza lile lenye adabu, nyota inalia, anasonga mbele. "Je, ni vizuri kumpa mtu usiyemjua neno lako la siri?" Hakuna mtoto wa Majengo, hapa Mombasa, atakayejibu ndiyo. Jioni mtoto huyohuyo anashika simu ya mamake, anakutana na linki ya GB 50 za bure, anajaza nambari na kuisambaza kwa makundi kumi kama alivyoagizwa.

Mimi si mwalimu. Nina saiba: kompyuta sita, printa moja yenye kelele na benchi la mbao nje. Nawajazia watu fomu za serikali kwenye eCitizen, nawatolea PIN ya kodi ya KRA, napiga picha za pasipoti. Ukikaa kwenye kiti changu utaona jinsi watu wazima wanavyoliwa. Kijana analeta barua ya kazi ya Qatar yenye mhuri wa kupendeza, anataka nakala ya rangi, na "ada ya daktari" keshatuma. Mama analeta simu nimtazamie kwa nini pesa aliyotumiwa haionekani kwenye salio. Halafu kuna ule ujumbe wetu maarufu, "ile pesa tuma kwa hii namba", usio na jina wala salamu, umetupwa majini kama ndoano kumngojea yeyote ambaye siku hiyo ana mtu wa kumtumia pesa.

Likizo zikifika watoto hujaa kwangu wakitaka gemu za mpira. Nikaona, kama ni kucheza, tucheze na hizi hila zenyewe. Ndipo ikaanza Jumamosi ya karata, na zawadi ni mabuyu.

Karata nazichapa mwenyewe, karatasi moja nakata vipande vinane. Kila kipande kina ujumbe, tangazo, kichwa cha habari au picha yenye maelezo. Mmoja anasoma, wengine wanasema "kweli", "uongo" au "nipe muda". Anayeomba muda anaruhusiwa kukaa kwenye kompyuta dakika tatu kutafuta, ila akipatia anapata nusu tu. Mwanzoni kila mchezaji alikuwa na punje kumi za kunde, na kabla ya kujibu ilikuwa lazima aweke punje moja, mbili au tatu kulingana na uhakika wake. Utamu wa mchezo ulikuwa hapo. Mtoto anapiga kelele "Uongo huo, wallahi!" kisha anaweka punje moja. Wenzake wanamcheka, naye anajionea mwenyewe umbali uliopo kati ya kelele yake na uhakika wake. Sijaona mtihani wa majibu manne unaofanya hivyo.

Kisha ukazuka mgogoro. Bi mkubwa mmoja anayeuza viazi karai mkabala nami alimsikia mjukuu wake akijisifu kwamba amewala wenzake kunde zote. Akavuka barabara na mwiko mkononi.

"Baba, haya ni mafunzo au ni kamari?"

Nikamweleza kwamba kunde zenyewe ni zangu, haziuzwi, na mchezo ukiisha zinarudi kwenye mkebe.

"Unaweka kitu, ukikosea kinaliwa. Hata kiwe kokwa ya tende, jina lake ni hilohilo."

"Haya bi, niambie basi, watoto waweke nini?"

Akafikiri kidogo. "Sisi tukitegeana vitendawili tulikuwa tukitoa miji. Mji haununuliwi."

Sikuwa na hoja ya kumshinda, na kusema kweli sikuitaka. Tangu hapo kila mtoto anaanza na miji mitano kwenye vikaratasi: Mombasa, Lamu, Malindi, Kwale na Voi. Ukikosea, msomaji anadai "nipe mji!" na unatoa ule uliouweka. Ushindani umezidi kuliko wa kunde, maana hakuna anayekubali kuweka Mombasa mpaka awe na uhakika wa kuapa. Watu wa Voi mtanisamehe, nyinyi ndio mnaotolewa wa kwanza.

Bi hakuondoka siku ile. Alikaa benchini, viazi akamwachia binti yake, akaomba naye asomewe. Karata iliyomwangukia ilikuwa ujumbe wa pesa: "Habari mteja, umepokea Ksh 3,500 kutoka..." na kadhalika.

"Uongo. Naweka Mombasa."

"Umejuaje, bibi?" akauliza mjukuu.

"Umetoka kwa nambari ya mtu. Wa kweli hauji na nambari, unakuja na jina la M-Pesa. Tena huu unanisalimia. Wa kweli haunisalimii hata siku moja, unaanza na zile herufi zake."

Zile herufi zake ndizo zilizotupeleka mbali. Mvulana mmoja akaomba ujumbe wa zamani kwenye simu za wakubwa, akaupanga kwa tarehe, na kabla ya adhuhuri alikuwa ameshaona mpango: herufi ya kwanza ya msimbo ulio mwanzoni mwa ujumbe hufuata mwaka, ya pili mwezi, ya tatu siku, na siku zikipita 9 zinaendelea kwa A, B, C. Msimbo unaoanza na TCC ni wa tarehe 12 Machi 2025. Kwa hiyo tapeli aliyenakili ujumbe wa zamani na kubadilisha kiasi tu anaumbuka kwa herufi tatu. Bi akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Vizuri mwanangu, lakini anayejua kuiba atajua na herufi. Wewe tazama salio." Nimeliandika hilo nyuma ya karata ile.

Hatua iliyobadilisha Jumamosi zetu zaidi ni kuwapa watoto kalamu wawe matapeli wenyewe. Wazo si langu. Februari 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, wakishirikiana na kundi la Kiholanzi liitwalo DROG, walitoa mchezo wa mtandaoni wa Bad News. Humo mchezaji hakamati uongo, anautengeneza: anajifanya mtu mashuhuri, anachochea hasira, anawagombanisha watu, anazua njama, anawachafulia jina wanaomkosoa, na kila hila akiimudu anapewa beji, sita kwa jumla. Mizizi yake ni nadharia ya William McGuire, mwanasaikolojia wa Marekani wa miaka ya 1960, kwamba mtu akionjeshwa upotoshaji uliopunguzwa nguvu, akili hujijengea kinga mfano wa chanjo. Niliucheza, nikaupenda. Watoto wangu walichoka mapema, maandishi ni mengi na mambo yake ni ya Ulaya. Nikachukua wazo, mchezo nikauacha.

Sharti ni moja: simu zote ndani ya beseni, na karatasi haitoki mlangoni. Mwaka 2018 Kenya ilitunga sheria ya makosa ya kompyuta ya kumwadhibu anayechapisha habari za uongo kwa makusudi, lakini hata isingetungwa ningeweka sharti hilohilo. Karatasi ikishapigwa picha haina tena wa kueleza kwamba ulikuwa mchezo.

Binti mmoja wa darasa la saba aliandika huu:

"Asalaam aleikum. Wazazi wa Kisauni na Likoni tafadhalini. Kuna Probox nyeupe inachukua watoto karibu na madrasa. Dada yangu ameiona kwa macho yake leo. Mwambie kila mzazi unayemjua. Usiwe wewe ndiye uliyenyamaza."

Kimya. Nywele zilinisimama, nami nilikuwa nimemwona akiuandika. Nikamtaka atufungulie kazi yake kipande kwa kipande, kwa sababu hapo ndipo penye somo.

Kwa nini Probox nyeupe? "Kwa sababu ukitoka hapo nje utaiona." Kweli, ukisimama Mwembe Tayari robo saa utaziona mpaka uache kuhesabu, na kila moja itaonekana ndiyo. Kwa nini madrasa na si shule? "Nikitaja shule, anko, watampigia mwalimu mkuu. Madrasa ziko nyingi, hawatajua waulize ipi." Kwa nini "leo" bila tarehe? "Wakiutuma kesho itakuwa ni leo tena."

Na dada? Hapo ndipo aliponimaliza. "Ukinitumia wewe, mtu atadhani ni dada yako. Akimtumia mwenzake, huyo atadhani ni dada yake. Dada haulizwi na mtu."

Nimesoma makala nyingi kuhusu ujumbe wa kusambazwa na sikumbuki nilipoona jambo hilo likiwekwa wazi namna ile. Sasa watoto wana msemo wao: ujumbe ukisomwa tu, mmoja lazima aulize "dada wa nani?" Wanawauliza hata wazazi wao, na nimeshapokea malalamiko mawili matatu kwamba nawafundisha ujeuri.

Mwenzangu anayenisaidia Jumamosi alitaka karata zote ziwe za uongo, ili watoto wapate mazoezi zaidi. Nilikataa, na nina wa kuniunga mkono. Mwaka 2023 Ariana Modirrousta-Galian na Philip Higham walichambua upya matokeo ya utafiti wa michezo ya aina ya Bad News, wakaona kwamba wachezaji hawakuwa hodari zaidi wa kutenganisha kweli na uongo. Walikuwa wepesi zaidi wa kuita kila kitu uongo. Mtoto asiyeamini chochote hajajifunza kusoma. Amehama kutoka upofu mmoja kwenda mwingine, na wakati wa mafuriko atalipuuza hata onyo la kweli.

Kwa hiyo nusu ya karata zangu ni za kweli, na nachagua zile za kweli zinazonuka uongo. "Mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa China kwa mfalme." Kweli. "Elizabeth wa Uingereza alikuwa Kenya siku aliyopata umalkia." Kweli, na hiyo imeshakula Mombasa za watu wengi.

Karata ya Elizabeth ndiyo iliyotuzalia mchezo wa pembe. Zile pembe kubwa za ndovu za kuundwa, zinazokingama juu ya Barabara ya Moi hapa mjini, kila mtoto amepita chini yake. Swali: zilijengwa kwa ajili ya nani? Watoto wanakaa wawili wawili. Dakika ya kwanza wanaleta majibu mawili. Tovuti moja inasema ni kukumbuka ziara ya Elizabeth mjini Mombasa mwaka 1952, nyingine inasema ni Binti Mfalme Margaret, 1956. Kila kikundi kinashikilia tovuti yake kwa sababu ina picha nzuri.

Hapo ndipo ninapowaambia watoke nje ya ukurasa. Sam Wineburg na Sarah McGrew, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, waliwahi kulinganisha wanahistoria 10, wahakiki wa habari 10 na wanafunzi wa chuo 25 wakisoma tovuti. Wanahistoria wengi na wanafunzi walibaki ndani ya ukurasa wakiukagua juu mpaka chini, wakanaswa na nembo na mpangilio mzuri. Wahakiki waliuacha upesi, wakafungua kurasa nyingine kuuliza wengine wanasemaje juu yake.

Watoto wakaacha kusoma juu ya pembe, wakafuata safari ya Elizabeth. Alitua Nairobi tarehe 1 Februari 1952. Baba yake alifariki tarehe 6, yeye akiwa upande wa Nyeri. Akapelekwa Nanyuki, akaruka mpaka Entebbe, kisha London. Meli ya Gothic iliyokuwa imchukue kuendelea na safari ilikuwa ikimsubiri hapa Mombasa.

"Anko, kwa hivyo hakuja?"

Hakuja. Na ile sentensi ya "kukumbuka ziara yake Mombasa 1952", iliyonakiliwa tovuti kwa tovuti, ikabaki bila ziara ya kukumbuka. Mmoja akasema labda zilijengwa kumpokea akiwa bado anatarajiwa, mwingine akashikilia Margaret. Pointi niliwapa wale walioandika: "Ziara ya 1952 haikufika Mombasa. Pembe zinataka gazeti la wakati ule." Mtoto wa darasa la saba anayejua kutamani gazeti la 1952 ananitosha.

Bi wa viazi karai sasa anataka seti yake kwa ajili ya chama chao cha akina mama. Amenikatalia karata za Qatar, anasema hao hawaendi Qatar. Anataka za mikopo ya simu, za ada za shule na za maulana wa kwenye simu. Kazi hiyo naiweza. Ninachokwama ni ujumbe wa sauti. Maandishi nayakata vipande, picha naipitisha kwenye Google Lens kutafuta ilikotoka, lakini sauti ya mwanamke anayelia kwa dakika mbili sijapata namna ya kuifanya karata, na huko ndiko chama chao kinakotapeliwa zaidi. Mwenye wazo la mchezo aniandikie hapo chini. Mwenye sauti zenyewe anitumie pia, isipokuwa zile za mlonge na limau kwa wenye kisukari. Hizo ninazo za kufungulia duka.