Jiwe la Goma, ukuta wa Butaro

Ewe mwanafunzi wa usanifu majengo uliyetoka Goma kusomea Rwanda, usikimbilie maghorofa ya vioo ya Kigali. Anzia hospitali ya Butaro, wilayani Burera. Ilifunguliwa 2011, michoro ni ya wasanifu wa MASS Design Group, na kuta zake ni jiwe lile lile jeusi la volkano za Virunga tunalolikanyaga kila siku. Kwetu jiwe hupasuliwa kwa nyundo, mapengo yakajazwa simenti nene; mifuko inaisha na uzuri wa jiwe unazikwa. Butaro mafundi walichonga kila jiwe likaingiana na mwenzake. Chagua eneo la mita 1 kwa 1, hesabu mawe, pima kiungio (mwanya kati ya jiwe na jiwe) chembamba na kinene. Kisha tazama pembe na juu ya madirisha: kazi mbaya hupasukia hapo kwanza.

Hospitali inafanya kazi, kwa hiyo andikia uongozi barua mapema, na usipige picha ya mgonjwa hata mmoja.

Wodini, chora mkato, yaani jengo kana kwamba limekatwa wima toka paa hadi sakafu, kabla ya ramani. Wengi hurudi na ramani na picha tu, wakati mkato ndio unaoeleza hewa: madirisha ya juu, feni kubwa, vitanda vilivyoupa mgongo ukuta mfupi wa katikati ili mgonjwa atazame nje. Njia za kupita ziko nje, maana kifua kikuu huenea haraka watu wakisongamana kwenye hewa iliyofungiwa.

Kupima: shikiza sifuri ya tepu ya mita 30 pembeni na usiiondoe, soma umbali wa jumla kila unapofika, 0.90, 2.10, 3.45, hadi mwisho. Ukipima kipande kimoja kimoja na kukosea sentimita 1 kwenye nafasi 12, unaweza kupotea sentimita 12 na mchoro haufungi. Pima pia milalo yote miwili ya chumba, kutoka kona hadi kona inayoikabili. Kimo usikipate kwa kuhesabu safu kama za matofali, kwa kuwa mawe haya hayalingani. Mwenzako asimamishe fito ya mita 2 ukutani, piga picha kutoka mbali, uso kwa uso, kisha linganisha kimo cha ukuta na cha fito.

Ukipata siku ya pili, nenda uwanja wa kriketi wa Gahanga, Kigali, wa 2017. Mapaa yake ya tao ni vigae vya udongo na simenti kidogo, vilivyoshindiliwa bila kuchomwa, na kati ya tabaka kuna wavu wa kusaidia wakati wa tetemeko. Pima kimo cha tao kila baada ya mita 1. Chumbani geuza mchoro wa tao juu chini, ubandike ukutani, ning'iniza mnyororo mwembamba kutoka ncha hadi ncha. Pale mnyororo unapokaribiana na mstari wako, vigae vinasukumana tu, havivutani.