Swali nililomuuliza mgombea

Jana nilisimama kwenye mkutano wa kampeni, nikapewa maikrofoni huku mikono ikinitetemeka. Nikamuuliza mgombea: afya ya akili ya vijana iko ukurasa gani kwenye ilani yenu? Akajibu habari za ajira na michezo. Nikarudia swali. Maikrofoni ikachukuliwa, akapewa mwingine.

Nilikuwa namuulizia mdogo wangu. Mwaka jana, akiwa na miaka 16, usingizi ulimhama. Saa tisa usiku naona mwanga wa simu chini ya mlango wake. Asubuhi namkuta ameketi kitandani, soksi moja mkononi, anaitazama tu, hawezi kuivaa. Tulipokwenda kutafuta msaada tukaambiwa tusubiri miezi minne. Miezi minne! Angevunjika mguu wangempokea siku ileile.

Shirika la Afya Duniani linasema kijana 1 kati ya 7 wa miaka 10 hadi 19 anaishi na tatizo la afya ya akili, na kwamba serikali, kwa wastani, hutenga asilimia 2 tu ya bajeti ya afya kwa ajili ya akili. Mnaotuambia "mwombeeni" nawashukuru, na tuliomba sana. Lakini mshauri nasaha analipwa mshahara, na mshahara unatoka kwenye bajeti inayopitishwa na hawa tunaowapigia kura.

Mdogo wangu sasa analala. Jana usiku aliniuliza, "Dada, alikujibu nini?" Nikamwambia hakujibu. Jumamosi kuna mkutano mwingine, na amesema tutakwenda wote.