Kompyuta ya Baba: siku tatu za kutafuta njia ya kuingia

Ijumaa, 10 Machi 2023, usiku

Nimefika Muheza saa mbili usiku, basi lilikawia sana Segera. Leo ni siku ya kumi na mbili kompyuta ya Baba haifunguki. Inawaka vizuri, inafika pale inapotaka nenosiri, Baba anaandika, inamkatalia. Kwenye simu nilimwambia aandike polepole, aangalie taa ya Caps Lock, aizime aiwashe. Alifanya yote.

Ndani ya kompyuta hiyo mna daftari la mvua. Baba alistaafu ualimu mwaka 2010, na tangu Januari 2011 kila asubuhi saa tatu kamili huenda nyuma ya nyumba kusoma kipimamvua, akaandika milimita. Miaka ya mwanzo aliandika kwenye madaftari ya shule. Nilipomletea kompyuta mwaka 2016 alikaa miezi akiyaingiza yote kwenye jedwali la LibreOffice kwa vidole viwili, siku moja moja. Wenye michungwa wa mtaani huja kumuuliza masika ya mwaka fulani yalianza lini, naye huwafungulia wakaona wenyewe. Sasa masika yenyewe yanabisha hodi, na jedwali limefungiwa.

Nilipomwamkia aliitikia, akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, paswedi yangu naijua. Ni ileile." Baadaye Mama aliniita jikoni, akasema kwa sauti ya chini, "Baba yako ameanza kusahau. Usimbane sana." Nimelala na maneno hayo mawili, la Baba na la Mama, na sijui nishike lipi.

Jumamosi, 11 Machi, mchana

Nimemwomba Baba ruhusa kwanza. Kompyuta ni yake na yaliyomo ni yake. Akasema, "Fanya, lakini mvua yangu isipotee."

Kwa hiyo sikugusa nenosiri kabla ya kunusuru faili. Nilikuja na flashi yenye Ubuntu, mfumo wa kuendeshea kompyuta kama ilivyo Windows, na ndio uliomo pia kwenye mashine ya Baba. Unaichomeka, unaiambia kompyuta iwake kutoka kwenye flashi badala ya diski yake, na unapata mfumo mzima unaofanya kazi bila kuandika chochote kwenye diski. Ukiwa humo, diski ya ndani unaifungua kama diski nyingine yoyote ya nje.

Hapo ndipo moyo ulipodunda. Mashine hii ilianza na Ubuntu 16.04, mimi nikaipandisha hadi 18.04 mwaka 2019. Hadi toleo la 17.10, wakati wa kuweka Ubuntu uliulizwa kama unataka folda yako ya nyumbani isimbwe, yaani igeuzwe maandishi ya siri yasiyosomeka bila ufunguo. Kama fundi aliyeiweka mwanzoni alikubali, basi faili zote ni maandishi yasiyosomeka, na kuweka nenosiri jipya hakungesaidia kitu, kwa sababu ufunguo wa kuzifumbua nao umefungwa kwa nenosiri la zamani. Nilikwenda moja kwa moja kwenye /home na kuangalia hata yaliyofichwa, nikitafuta folda iitwayo .ecryptfs. Haikuwepo. Nikafungua folda ya Baba, nikaliona faili la mvua, nikalifungua. Januari 2011, safu ya kwanza. Nilimwita aje aone.

Alisogeza kiti, akashuka hadi mwisho wa jedwali. Limeishia tarehe 26 Februari. Akatoa karatasi mfukoni, gamba la daftari lililokunjwa mara nne, limeandikwa kwa kalamu ya risasi tarehe 27 Februari hadi leo. Siku nyingi ni sifuri. Tarehe 4 Machi ameandika 9, na leo asubuhi 3. Hakukosa hata siku moja.

Nimenakili kila kitu kwenye diski ya nje, na faili la mvua nikaliweka pia kwenye simu yangu. Jambo moja liandikwe hapa kwa sababu wengi hawalijui: nilichofanya mimi, mwizi wa kompyuta naye anaweza kukifanya. Nenosiri la kuingilia linalinda mlango tu. Kama una vitu vya siri kweli, diski yenyewe isimbwe, na nenosiri lake liandikwe mahali salama.

Jumamosi, usiku

Sasa nenosiri. La zamani haliwezi kusomwa popote. Kompyuta hailihifadhi lenyewe, inahifadhi alama zinazotokana nalo kwenye faili /etc/shadow, na alama hizo hazirudi nyuma kuwa neno. Njia ni kuweka jipya.

Mashine ni ya zamani, kwa hiyo wakati wa kuwaka unashikilia Shift mpaka itokee menyu ya GRUB, programu inayoiwasha Ubuntu. Mara mbili nilichelewa, ya tatu ikatokea. Nikachagua Advanced options, kisha mstari wenye recovery mode, kisha root. Ukabaki mstari mmoja mweusi unaosubiri amri, na hapo wewe ndiye mwenye mamlaka yote juu ya mashine, kwa hiyo uandike kwa utulivu. Nikaandika passwd, amri ya kubadilisha nenosiri, na jina la Baba, nikaweka neno la muda mara mbili. Jibu: Authentication token manipulation error.

Maneno hayo yanatisha kuliko maana yake. Katika hali hiyo diski hufunguliwa kwa kusomwa tu, kwa hiyo mabadiliko hayana pa kuandikwa. Dawa ni amri moja:

mount -o remount,rw /

Baada ya hapo nikarudia passwd. Unapoandika nenosiri hapo huoni herufi wala nukta, kioo kinabaki vilevile, usidhani kibodi imekufa. Safari hii ikakubali. Nikaiwasha upya, nikaandika neno la muda, na ukurasa wa Baba ukafunguka na ile picha ya kipimamvua chake.

Baba alisema, "Alhamdulillahi." Lakini hakuonekana kufurahi sana. Alikuwa amekaa kitako na ile karatasi mkononi. "Kwa hiyo nililisahau," akasema. Mama akaenda kutia chai.

Jumapili, 12 Machi

Nilitaka nakala nyingine ya jedwali iende kwenye barua pepe yangu. Nikafungua Firefox, nikaandika jina langu, nikabonyeza Shift na 2 kupata @. Ikatoka ". Nikafuta, nikarudia. " tena.

Jana nilipokuwa ndani ya mfumo wa flashi niliandika anwani ileile na @ ikatoka sawa. Kibodi ni moja, mashine ni moja. Nikaenda kwenye mipangilio ya lugha: English (UK). Nikasimama.

Kibodi hii ni mpya. Nilimletea mimi tarehe 26 Februari, Jumapili, kwa sababu ya zamani herufi zilikuwa zimefutika. Niliichomeka nikaondoka na basi la mchana. Siku iliyofuata Baba hakuweza kuingia, na hakuna hata mmoja wetu aliyeunganisha mambo hayo mawili, maana herufi zote zilikuwa zinaandika.

Ya zamani walipewa wajukuu. Niliikuta uani chini ya mwembe, ina mchanga, wanacheza benki. Nikaipangusa, nikaisogeza karibu na macho. Ni ya mpangilio wa Uingereza: juu ya 3 pana £, juu ya 2 pana ", na @ iko upande wa kulia, funguo mbili baada ya L, rangi yake imelika kwa kubonyezwa. Kibodi mpya ni ya mpangilio wa Marekani, @ imechorwa juu ya 2. Lakini kompyuta haijui kilichochorwa kwenye ufunguo. Inafuata mpangilio iliopewa. Baba, anayeandika kwa kuangalia funguo, alitafuta @, akaiona juu ya 2, akabonyeza, na kompyuta ikapokea ". Kwenye kioo cha kuingilia yeye aliona nukta tu.

Nilimuuliza, "Baba, paswedi yako ya zamani ina ile alama ya barua pepe ndani?"

"Inayo. Katikati."

Nikabadilisha mpangilio kuwa English (US), mpaka kwenye kioo cha kuingilia. Kisha nikakumbuka kwamba upo ushahidi. Ubuntu ina kasha la funguo linalotunza maneno ya siri ya programu nyingine, na kasha hilo halikubadilika nilipoweka neno jipya kwa kupitia root. Bado limefungwa kwa nenosiri la zamani, na jana usiku kila nikifungua Chrome kilitokea kidirisha chake kuniomba nenosiri hilo, nikawa nakifunga tu. Nikamwita Baba akae, nikafungua Chrome, kile kidirisha kikatokea.

"Andika ile paswedi yako unayoijua."

Nikageukia dirishani. Nilisikia funguo moja moja, kituo kidogo katikati, kisha moja moja tena, halafu Enter. Nilipogeuka kidirisha kilikuwa kimeondoka. Limekubali mara ya kwanza.

Nilimweleza yote, kibodi ya zamani mkononi mwangu, nikamwomba radhi. Alinitazama, akaita, "Mama watoto! Njoo umsikilize mwanao." Mama akaja na mikono yenye unga, nikaeleza upya tangu mwanzo, akakaa kwenye mkeka, akamshika Baba goti.

Tumerudisha nenosiri lake lilelile kwa amri ya passwd, na kasha la funguo halisumbui tena. Saa tano asubuhi Baba alifungua jedwali, akainyoosha karatasi mezani, akaniomba nimsomee.

"Ishirini na saba Februari."

"Sifuri."

"Ishirini na nane."

"Sifuri."

Tukaenda hivyo mpaka leo, milimita 11.