Pale Pana Mlango

Tulum, Mexico, Jumatano jioni.

Baba Salma amelala, kofia usoni, mchanga bado uko miguuni. Mimi niko barazani naandika kabla mambo hayajanitoka kichwani.

Nikiri mapema: mimi nilifuata bahari, yeye alifuata mawe. Miaka tisa ya Toronto imenichosha na ziwa lao, halina chumvi wala bamvua. Yeye, mwana wa nahodha wa Pangani, ndiye aliyesema bahari kaishi nayo inatosha, apelekwe kwenye magofu. Toka mzee wake afariki mwaka juzi nasi tusiwahi mazishi, habari za bahari huzipitia juu juu. Sikumbishia.

Kutoka Cancún ni kama kilomita 130, barabara imenyooka na msitu kulia na kushoto. Tulum kwa Kimaya, lugha ya Wamaya waliojenga mji huu, ni ukuta, na kweli kinachokupokea ni ukuta. Umeuzingira mji pande tatu, upande wa nne ni jabali lililosimama juu ya bahari, mita 12 hivi. Ukuta wenyewe ni mnene kama chumba. Mlango tulioingilia ni mfupi na mwembamba, watu wanapita mmoja mmoja, na mume wangu kwa urefu wake aliinama kama anaingia jikoni kwa bibi yake.

Nilitegemea mapiramidi ya kukunja shingo. Hayapo. Mji huu ulishamiri kati ya karne ya 13 na ya 15, ukiwa bandari, na majengo yake ni ya kadiri tu. Mawe ya chokaa, yakapigwa lipu ya chokaa iliyochomwa, kisha rangi. Juu ya mlango wa hekalu moja pamechongwa mungu aliyepinduka, miguu juu, kichwa chini. Wataalamu wana maelezo yao. Baba Salma alisema huyo ni mgema aliyeonja kabla ya kushuka. Nilicheka mpaka mijusi ile mikubwa inayoota jua kwenye mawe ikatukimbia.

Kijana aliyetutembeza alipigiwa simu na mama yake, akajibu kwa Kimaya, akacheka, akakata. Mimi shuleni nilifundishwa kwamba Wamaya "walitoweka". Kumbe wanaoongea Kimaya cha Yucatán leo ni zaidi ya laki saba, na mmoja wao alikuwa anaulizwa atarudi saa ngapi kula.

Tukafika ukingoni, nyuma ya El Castillo, jengo refu kuliko yote hapa. Maji ya kijani, halafu buluu, na mbali kidogo mstari mweupe wa mawimbi yanayovunjika kwenye mwamba. Mimi nilikuwa natafuta pa kupigia picha. Baba Salma alinyamaza muda, kisha akanyoosha kidole:

"Pale pana mlango."

Nilitazama mawe. Akasema si huko, kwenye mwamba, angalia povu linapokatika. Kijana akamgeukia, akamuuliza kajuaje. Mitumbwi ya Wamaya ilipitia hapohapo, akasema, imebeba chumvi, asali, pamba, na mawe meusi ya kioo kutoka nyanda za Guatemala. Wako wanaoamini kwamba taa zilizowashwa kwenye madirisha mawili ya El Castillo ndizo zilizomwonyesha mpiga kasia njia usiku.

Miaka kumi na moja ya ndoa, sijawahi kumwona akiisoma bahari. Angeisomea wapi? Namjua mume wa theluji, wa kukagua matairi ya gari. Huyu wa leo alikuwa anamweleza kijana wa watu jinsi ya kushika usukani maji yanapokuvuta pembeni, kwa Kiingereza chake cha kazini, na mikono yote miwili hewani.

Ufukweni mwani ulikuwa umejaa, wa kahawia, unanuka, vibarua wanauzoa kwa matoroli. Akina mama wa Paje, Zanzibar, wanaolima mwani, wangeshangaa, mwani wa kutupwa! Baba Salma aliupita akaingia majini na suruali yake, akasimama maji magotini.

Alipotoka aliuliza Pangani saa hizi maji yanajaa au yanakupwa. Hapa ilikuwa saa nane mchana, kule saa nne usiku. Tukampigia kaka yake. Alichelewa kupokea, sauti nzito ya usingizi.

"Yanajaa," akasema. "Kwani vipi?"